UZI: Kuuza leo au kusubiri, kuendelea au kuacha. Kuamua kabla bei haijakuamulia (Kigoma, Tabora)

#1 Mzani wa Ujiji

Wakuu, salamu kutoka mwisho wa reli.

Uzi huu ni wa maamuzi ya kawaida ya huku kwetu. Mahindi yako stoo Kasulu, uuze Julai au ungoje Januari? Tumbaku iko shambani Urambo na deni la pembejeo linakusubiri AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Dagaa wamejaa Kibirizi na bei imeporomoka tangu asubuhi. Katika maamuzi ya namna hii akili ya binadamu hukosea kwa mtindo unaojirudia, na makosa hayo yamepimwa. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliyaeleza katika makala yao ya mwaka 1974. Kahneman akapewa Nobeli ya uchumi 2002, Tversky akiwa ameshafariki tangu 1996.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia. Kuyajua majina ya mitego hii hakumkingi mtu. Aliyekariri majina thelathini mara nyingi huishia kuyaona kwa jirani tu. Kinachosaidia ni kuandika tarakimu mapema: kabla hujasikia bei ya mnunuzi, kabla kikao hakijaanza, kabla matokeo hayajajulikana.

Tuanze na bei ya kwanza kutajwa. Katika jaribio moja la Tversky na Kahneman, watu walizungushiwa gurudumu lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 walijibu 25 kwa makadirio ya katikati, walioona 65 wakajibu 45. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali, na bado liliwaburuta. Sasa fikiria mnunuzi wa dagaa anayejua kabisa kwa nini ametaja bei ya chini kwanza.

Dawa yake ni karatasi yenye namba tatu, iliyoandikwa kabla hujapiga simu wala kufika mwaloni.

Namba ya kwanza ni bei ya chini kabisa utakayokubali. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu huikokotoa kutokana na walichonunulia. Mnunuzi hajali ulinunua kwa ngapi. Bei ya chini hutokana na njia yako nyingine iliyo bora: ukikataa bei hii, utafanya nini? Kama utaanika na kusafirisha mwenyewe, chukua bei ya huko uendako, toa nauli ya mzigo, ushuru, vibarua wa kwenye chanja na kile kitakachopotea njiani. Kumbuka pia uzito. Dagaa mbichi kilo tatu na nusu hadi nne hutoa kilo moja ya wakavu, na mvua ikinyesha wakiwa nusu wakavu, daraja linashuka hata kama kilo zipo.

Namba ya pili ni bei ya jana kutoka kwa watu wawili wasiofahamiana. Ya tatu ni bei utakayoanza kuitaja wewe. Ukishafika, namba ya kwanza haibadilishwi papo hapo. Kama umepata taarifa mpya ya kweli, kwa mfano magari mawili ya wanunuzi yameingia, ondoka hatua ishirini, andika upya, ndipo urudi.

Sasa mahindi. Namba zifuatazo ni za mfano, weka zako. Gunia la kilo 100 Julai ni 45,000. Kila mtu anasema Januari litafika 80,000. Usiandike bei moja, andika tatu na uzipe uzito: nafasi 5 kati ya 10 kwa 80,000, nafasi 3 kwa 60,000, nafasi 2 kwa 45,000 ileile. Wastani ni 40,000 + 18,000 + 9,000, yaani 67,000. Toa asilimia 5 ya upotevu, inabaki 63,650. Toa mfuko 5,000, inabaki 58,650. Ukisubiri umepata 13,650 zaidi ya kuuza leo.

Lakini kama unadaiwa kikoba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, deni la 45,000 linazaa 27,000 kwa miezi sita, na hapo hata riba haijazaliwa riba. 58,650 toa 27,000 ni 31,650. Uliyesubiri umebaki na pesa kidogo kuliko aliyeuza Julai kwa 45,000. Hata bei ikifika 80,000 kweli, unabaki na 44,000. Kwa hiyo swali la "bei itapanda?" ambalo watu hubishania vijiweni halikuwa swali lenyewe. Swali lilikuwa deni. Jibu la kawaida hapa ni kuuza magunia ya kufuta deni kisha kuhifadhi yaliyobaki.

Na hiyo asilimia 5 si zawadi. Tabora ndiko dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, alikogundulika kwa mara ya kwanza barani Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mahindi yasiyolindwa anayageuza unga. Mifuko ya kinga njaa ina tabaka tatu, mbili za ndani za nailoni na moja ya nje. Humuua mdudu kwa kumnyima hewa, basi kila tabaka hufungwa peke yake baada ya kukamua hewa. Inashindwa pale mahindi yalipoingia na unyevu, pale panya alipotoboa, au pale mwenyewe anapofungua kila wiki kuchota ya kula. Unyevu upime kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, vijiko viwili vya chumvi kavu, mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani.

Karibuni.

#2 Mchikichi

Mkuu umeandika vizuri ila mahindi hayahitaji hesabu zote hizo. Januari bei hupanda kila mwaka. Sijawahi kumsikia mwenye stoo akijuta.

#3 Mzani wa Ujiji

Hujamsikia kwa sababu aliyeuza kwa hasara hakai kijiweni kusimulia. Unawasikia waliopata, halafu unahesabu kana kwamba ndio wote walioingia.

Fanya hivi. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa bei za jumla za mazao sokoni. Chukua Julai na Januari iliyofuata kwa miaka mitano au zaidi, soko lilelile, gunia lilelile. Gawanya Januari kwa Julai kila mwaka. Utapata namba tano, na uzito wako wa "nafasi 5 kati ya 10" utatoka humo badala ya kutoka kichwani. Mwaka ambao mipaka ilifungwa kwa mahindi kwenda nje usiuondoe kwa kisingizio kwamba haukuwa wa kawaida. Miaka isiyo ya kawaida ndiyo inayofilisi.

#4 Bani Namba Nane

Niongezee upande wa tumbaku, maana hapa watu huumia pande zote mbili.

Kanuni inajulikana: pesa iliyokwisha kutumika isiamue cha kufanya kesho. Sawa. Ila wengi wakishaisikia huielewa nusu, wakadhani maana yake ni "ukiona hasara, acha". Siyo. Angalia mfano. Umeshatumia 2,400,000 kwa mbolea, vibarua na kitalu. Kuchuma, kuni, kukausha kwenye bani (nyumba ya kukaushia tumbaku) na kufunga mitumba kutakula 600,000 nyingine. Soko linaashiria utapata 1,500,000. Ukijumlisha yote, msimu huu umekula hasara ya 1,500,000. Mtu anakata tamaa, anaacha jani linaungua shambani. Hapo amekosa. 2,400,000 imeondoka akimaliza au asipomaliza, na deni la AMCOS liko palepale. Kilichobaki mezani ni kutoa 600,000 ili kupata 1,500,000. Akimaliza, hasara yake inapungua kwa 900,000.

Kinyume chake ni yule ambaye soko limeashiria 400,000 na bado anakata kuni za 600,000 "ili jasho lisipotee". Huyo anaongeza hasara, na msitu anaumaliza.

Kwa hiyo karatasi ya katikati ya msimu ina mistari miwili tu: gharama zilizo mbele, mapato yaliyo mbele. Ya nyuma yaandike kwenye daftari jingine kabisa, utayahitaji ukiamua kama mwakani ulime tena. Ukiyaweka kwenye ukurasa mmoja, jicho litayafuata.

Kosa la kiufundi ninaloliona zaidi ni kukadiria mapato kwa bei ya daraja la juu. Jani la chini la mmea na jani lililopata moto mkali mapema haviendi daraja moja na jani la katikati. Chukua mgawanyo wa madaraja kwenye stakabadhi za misimu mitatu iliyopita, zidisha kila daraja kwa bei yake. Namba itakayotoka karibu kila mara iko chini ya ile uliyokuwa nayo kichwani.

Na kwa kuwa tuko Urambo, historia ya hapa inafundisha jambo hili kuliko jaribio la chuo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe watatu wakiongozwa na John Wakefield. Wakarudi na mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni tatu Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kama pauni milioni 24. Maeneo yaliyoanzishwa ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msimu wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, zilizopandwa zikawa kama 7,500. Matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yametumika vitani yaliharibika, mizizi ya msituni ikavunja majembe, na udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi unaokauka ukawa mgumu kama zege. Namba za msimu ule zilitosha kumfanya mtu asimame. Badala yake wakaongeza mashine na watu. Waliacha Januari 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea.

#5 Mwl. Takwimu TBR

Bwana Bani umenigusia somo langu. Mpango wa karanga ni mfano pia wa jambo jingine, yaani kukadiria mradi kwa kuutazama ndani yake peke yake. Unahesabu hatua, unajumlisha, unasahau kwamba kila mradi uliotangulia nao ulikuwa na hatua nzuri kwenye karatasi. Kwenye utafiti uliochapishwa 1994, wanafunzi walikadiria watamaliza tasnifu zao kwa siku 33.9 kwa wastani. Walitumia 55.5. Na hao walikuwa wanaijua kazi yao kuliko mtu mwingine yeyote.

Njia ya kusahihisha ni nyepesi. Tafuta kazi tano zinazofanana na yako zilizokwisha kamilika: bani tano, visima vitano, nyumba tano za mtaa huohuo. Kwa kila moja gawanya muda uliotumika kweli kwa muda uliopangwa. Tuseme umepata 1.2, 1.3, 1.6, 1.8 na 2.5. Zipange kwa ukubwa, chukua ya katikati, 1.6. Makadirio yako ya wiki 10 yageuke wiki 16. Ukitaka kuwa na hakika zaidi kwa sababu mvua ya Novemba haisubiri, chukua 2.5 na uanze kazi mapema.

Kitakachokujia kichwani ni "lakini mradi wangu ni tofauti, fundi wangu ni mzuri". Wale watano nao walikuwa na fundi mzuri siku ya kuanza. Usipunguze namba kwa sababu ya fundi mpaka uwe na kazi zake tano zilizokamilika.

#6 Giza la Kibirizi

Mimi nina swali la ziwani, wakuu. Tangu karabai zizipishe taa za sola, kila msimu kuna mtu analeta taa mpya na kusema samaki wanaikimbilia. Mtu ananunua, giza la kwanza (siku zisizo na mbalamwezi) anapata sana, anatangaza. Giza la pili hakuna kitu. Tunapimaje kitu hiki bila kudanganyana?

#7 Mwl. Takwimu TBR

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu, nalijibu kwa urefu.

Kwanza, kwa nini taa mpya hufanya vizuri mwanzoni. Mtu hanunui taa akiwa anapata vizuri, hununua baada ya giza baya sana. Baada ya giza baya sana, linalofuata huwa bora zaidi hata asipobadilisha kitu, kwa sababu sehemu ya ule ubaya ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya haijirudii kwa kiwango kilekile. Taa inapata sifa ya kitu ambacho kingetokea vyovyote. Mganga hupata sifa kwa njia hiyohiyo, na kocha aliyefukuza wachezaji naye pia.

Pili, ziwa lenyewe lina majira. Siku za mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, hilo mnalijua kuliko mimi. Upepo wa kusi unasogeza maji. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyefunga taa mpya wiki ya kufunguliwa na kulinganisha na Aprili hajapima taa, amepima mapumziko ya samaki.

Kwa hiyo usilinganishe kabla na baada. Linganisha usiku uleule.

Tafuta boti mbili zinazovua eneo moja, zenye nyavu za ukubwa mmoja na idadi ileile ya taa. Kila jioni kabla ya kutoka, rusha sarafu: kichwa, boti A inabeba taa mpya, mwenge, boti B. Sarafu irushwe na mtu asiyeuza taa. Asubuhi hesabu ndoo kwa ndoo moja ileile, zijazwe kwa kipimo kimoja, mwandishi awe mmoja. Andika boti ipi ilikuwa na taa mpya na ipi ilipata zaidi. Usiku zikitoka sare, usiuhesabu. Fanya hivyo mpaka upate usiku 14 wa giza.

Kama taa haina tofauti yoyote, taa mpya itashinda kama mara 7 kwa bahati tu. Kushinda mara 10 au zaidi kati ya 14 hutokea kwa bahati tupu kama mara 9 katika kila 100. Kushinda 11 au zaidi ni kama mara 3 katika 100. Kwa hiyo andika leo, kabla ya usiku wa kwanza: "nitainunua ikishinda 11 au zaidi." Usisimame usiku wa sita kwa sababu imeshinda mara tano, na usiongeze usiku wa 15 kwa sababu imefika 10.

Uzuri wa sarafu ni kwamba hata nahodha mmoja akiwa hodari kuliko mwenzake, jaribio haliharibiki, kwa kuwa kila usiku taa ilikuwa na nafasi sawa ya kuangukia kwake. Akiwa hodari mno lakini, atashinda kila usiku na taa haitaonekana kabisa. Basi chagua wawili wanaolingana.

Kinachoharibu zaidi ni mabaharia. Wakijua taa mpya ndiyo inayosifiwa, wataikalia muda mrefu kabla ya kuvuta wavu. Pangeni saa za kuvuta mapema, ziwe sawa kwa boti zote mbili. Halafu ikishinda, bado uliza imeshinda kwa ndoo ngapi. Ndoo moja kwa usiku huenda isirudishe bei ya taa kabla haijafa betri.

#8 Dirisha la Kasulu

Habari za humu. Naongeza jambo la afya, maana mtego wake unafanana na haya na unaua.

Huku homa ikija watu hutamka malaria kabla ya kipimo. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linaelekeza kupima kwanza. Lakini hata kipimo kina hesabu yake, na kipimo kilekile kina uzito tofauti kulingana na mahali na majira. Nachukua namba za mfano: kipimo kinachowanasa wagonjwa 95 kati ya 100, na kinachowasingizia wazima 5 kati ya 100.

Msimu wa mvua, watu 1,000 wenye homa, tuseme 400 wana malaria. Kipimo kinanasa 380. Katika 600 wasio nayo kinawasingizia 30. Waliotoka na mistari miwili, yaani kipimo kimesema wanayo, ni 410, na 380 wanayo kweli. Hiyo ni kama 93 kati ya 100.

Kiangazi, mjini, watu 1,000 wenye homa, tuseme 20 tu wana malaria. Kipimo kinanasa 19. Katika 980 wasio nayo kinawasingizia 49. Waliotoka na mistari miwili ni 68, na walio nayo kweli ni 19 tu. Kama 28 kati ya 100.

Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni wangapi walikuwa nayo kabla ya kupimwa, na hiyo ndiyo namba ambayo kichwa cha binadamu huidondosha. Ndiyo maana naandika "watu 1,000" na siyo asilimia za asilimia. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake walionyesha kwamba hata madaktari hupatia zaidi wakipewa hesabu ya watu.

Msinielewe vibaya. Mwenye mistari miwili anatibiwa, hata kiangazi, kwa sababu kuacha malaria ya kweli ni hatari kuliko kumpa dozi asiyeihitaji. Kinachobadilika ni kwamba usisimamishe uchunguzi. Mtoto anayepumua haraka aangaliwe nimonia hata kama kipimo kimeonyesha malaria.

Jambo jingine: vipimo vya haraka vingi hunasa protini ya kimelea, si kimelea chenyewe. Protini hiyo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Ukipima tena siku ya kumi ukaona mistari miwili, si lazima dawa imeshindwa. Kinachojibu hapo ni kipimo cha darubini.

#9 Mchikichi

Sasa nibishe kwa kweli. Hesabu zote hizi ni za mwenye mtaji. Mkulima wa ekari mbili Kakonko akikataa mbegu mpya au mkopo, wataalamu mnasema anaogopa hasara kupita kiasi. Nyie mna mshahara. Yeye akikosea mara moja watoto wanalala njaa.

#10 Mzani wa Ujiji

Hapa nakuunga mkono, ndugu yangu, na naona wengi wanaofundisha mambo haya wanakosea palepale unaposema.

Tversky na Kahneman walikadiria mwaka 1992 kwamba hasara ina uzito wa takriban 2.25 ukilinganisha na faida ya kiasi hichohicho. Watu wakaichukua namba hiyo kama ugonjwa wa kutibiwa. Lakini tazama mchezo huu. Una 1,000,000. Kila msimu nusu kwa nusu: unapata asilimia 60 au unapoteza asilimia 50. Kwa wastani wa msimu mmoja unapata asilimia 5, mtaalamu atakwambia ingia. Sasa cheza misimu miwili, mmoja mzuri mmoja mbaya: 1,000,000 inakuwa 1,600,000, kisha 800,000. Umepungukiwa moja ya tano ya mtaji. Miwili mingine, 640,000. Wastani unabebwa na wachache waliobahatika mfululizo, na wewe una shamba moja tu, hupati wastani wa watu elfu.

Kwa hiyo kabla ya swali la faida weka swali la kuzama: katika hali mbaya inayowezekana, nitabaki na chakula mpaka mavuno yajayo na mbegu ya kuanzia? Kama hapana, faida ya wastani haina maana. Woga wa namna hiyo ni hesabu sahihi iliyofanywa bila karatasi.

Unageuka mtego pale kiasi ni kidogo. Mtu mwenye ekari mbili anayekataa kujaribu mbegu mpya kwenye robo ekari hajilindi na njaa. Robo ekari ikifa, amepoteza moja ya nane ya shamba na amejifunza kitu.

#11 Asali ya Sikonge

Kwetu maamuzi makubwa ni ya kikundi, si ya mtu. Tuseme kikundi kinataka kuacha mizinga ya magome, ambayo kila mmoja huua mti wake, kinunue ya masanduku kwa mkopo. Kikao kinaanza, mwenyekiti au mzee anasema "mradi ni mzuri", basi kumekwisha. Watakaofuata wataongeza sifa. Si kwamba wote wanakubali, ila nani atampinga mzee mbele za watu?

Kuna njia ya mwanasaikolojia Gary Klein ambayo inafaa sana vikao vya aina hii, ninaiita kuuzika mradi kabla haujafa. Kabla mtu yeyote hajasema, gawa vipande vya karatasi. Katibu anasoma: "Ni miaka miwili kuanzia leo. Mradi umekufa kabisa. Andika umekufa kwa nini." Dakika tano, kimya, bila majina. Asiyeandika amnong'oneze katibu nje. Karatasi zinachanganywa na kusomwa zote, ya mzee ikiwa katikati ya nyingine.

Utashangaa watu wanajua nini. Makundi ya nyuki hayakuingia nusu ya mizinga. Nyegere aliangusha mizinga kwa sababu ilitundikwa chini mno. Moto wa nyika wa Agosti. Mavazi ya kurinia mawili kwa wanachama ishirini, asali ikarinwa mbichi, ikachachuka. Mnunuzi mmoja tu, akakata bei. Kila sababu inapata jina la mtu wa kuishughulikia na tarehe, au inaingia kwenye hesabu ya marejesho kama hasara inayotarajiwa. Mkopo ukokotolewe kwa mizinga itakayopata nyuki, isiwe kwa mizinga iliyonunuliwa.

Kikao kinapofeli ni pale zoezi linapofanywa baada ya mjadala. Hapo watu wameshajionyesha upande, karatasi zitarudia yaleyale.

#12 Bani Namba Nane

Mzani, ulisema "andika mapema". Daftari lenyewe linakaaje? Watu wakianza huandika hadithi ndefu, wiki ya tatu wanaacha.

#13 Mzani wa Ujiji

Mstari mmoja kwa kila tabiri, safu sita: tarehe, tukio, asilimia, siku ya kuhukumu, limetokea au la, alama.

Tukio liandikwe kiasi kwamba watu wawili wanaogombana wangelihukumu sawa. "Bei itakuwa nzuri" halihukumiki. "Gunia la mahindi Kasulu sokoni litafika 70,000 au zaidi ifikapo 15 Januari" linahukumika. Tabiri nyingi zinakufa hapa, si kwenye asilimia.

Alama ni za Glenn Brier, aliyezipendekeza mwaka 1950 kwa watabiri wa hali ya hewa. Geuza asilimia iwe desimali. Likitokea weka 1, lisipotokea weka 0. Toa, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema 80 na likatokea: 1 toa 0.8 ni 0.2, mara 0.2 ni 0.04. Ulisema 80 na halikutokea: 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Tafuta wastani wa tabiri ishirini au zaidi. Alama ndogo ndiyo nzuri. Anayejibu 50 kila mara bila kufikiri hupata 0.25, basi ukizidi hapo ungefanya vizuri zaidi kwa kunyamaza.

Zaidi ya alama, kusanya tabiri zote ulizopa 80 na uhesabu zilizotokea. Zikiwa 12 kati ya 20, "80" yako ni 60 ya kweli, na kila hesabu ya mahindi uliyoifanya kwa uzito huo ilivimba kwa kiwango hicho.

Uamuzi wenyewe upate mstari wa pili: uliamua nini na kwa sababu gani, maneno yasiyozidi ishirini. Bei ikishajulikana, kila mtu hukumbuka alikuwa anajua. Daftari halikumbuki hivyo. Na usimhukumu aliyeuza Julai kwa sababu Januari ilifika 90,000. Angalia kama karatasi yake ya Julai ilikuwa sahihi kwa aliyoyajua Julai.

#14 Giza la Kibirizi

Shukrani mwalimu, tumepata boti mbili. Swali dogo: wazee ziwani hawataki asilimia. Nikimwambia mtu "toa asilimia" ananiambia Mungu ndiye ajuaye.

#15 Mwl. Takwimu TBR

Mpe maharage kumi na sahani mbili. Sahani moja ni "ndiyo", nyingine ni "hapana", ayagawe. Akiweka saba upande wa ndiyo, andika 70 kimyakimya. Usimuulize mbele ya wenzake, na usimwonyeshe aliyemtangulia aliweka mangapi.

Ukiona anaweka kumi zote upande mmoja, muulize kama yuko tayari kuweka rehani wavu wake. Kwa kawaida harage moja au mawili yatahama. Andika idadi ya baada ya kuhama, na ya kabla yake pia. Na sarafu yenu ya taa, rusheni ufukweni kabla injini hazijawashwa. Mkiirusha mkiwa majini, mtu ataona wimbi na kuomba irudiwe.